SINDANO, NEVA NA SHERIA: KUDAI FIDIA YA MADHARA YATOKANAYO NA UZEMBE WA KITABIBU

Utangulizi

Kazi ya sindano ni kuponya au kukinga. Kwa watu wengi wa Afrika ya Mashariki sindano ndiyo alama ya tiba yenyewe, na mgonjwa aliyetoka zahanati na vidonge vitupu huona kwamba hakutibiwa sawasawa. Hata hivyo, kwa baadhi ya wagonjwa, hasa watoto wadogo, sindano moja iliyodungwa mahali pasipostahili huacha mguu uliolegea, unyayo usioinuka na mwendo wa kuchechemea wa maisha yote. Wazazi wa mtoto wa namna hiyo mara nyingi huambiwa kwamba ni polio, au ni mapenzi ya Mungu, au ni mkono wa mtu. Maelezo hayo matatu yanafanana kwa jambo moja: yote huzuia swali la nne lisiulizwe. Swali hilo ni hili: je, madhara haya yamesababishwa na uzembe, na kama ndivyo, ni nani mwenye wajibu wa kulipa?

Makala haya yanaeleza mambo mawili ambayo kwa kawaida hufundishwa katika vitivo viwili tofauti vya chuo kikuu. La kwanza ni jinsi neva inavyojeruhiwa na inavyopona. La pili ni jinsi mahakama inavyoupima uzembe wa kitabibu. Mambo hayo hayatenganishiki, kwa sababu neva ina saa yake na sheria ina saa yake, na mtu asiyezijua saa zote mbili huweza kupoteza mguu na haki kwa pamoja.

Neva na muundo wake

Neva, ambayo pia huitwa mshipa wa fahamu, isichanganywe na mshipa wa damu. Neva haina tundu wala haipitishi kimiminika. Ni fungu la nyuzi nyembamba mno, zilizokusanywa pamoja kama waya ndani ya kebo ya simu. Kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja iliyo ndani ya uti wa mgongo au kando yake. Nyuzi nyingi zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mailini, ambayo huharakisha habari zipitazo. Katika neva kubwa za mikono na miguu ya mtu mzima mwenye afya, habari hizo husafiri kwa mwendo wa kama mita 40 hadi 60 kwa sekunde. Baadhi ya nyuzi hupeleka amri kwenye misuli, na nyingine hurudisha habari za mguso, joto na maumivu.

Neva iliyo kubwa kuliko zote mwilini ni neva ya siatiki. Hutokana na mizizi ya sehemu ya chini ya uti wa mgongo, hutoka ndani ya fupanyonga, hupita chini ya misuli ya tako, kisha huteremka nyuma ya paja. Kabla ya kufika nyuma ya goti, kwa kawaida hugawanyika matawi mawili. Tawi moja huhudumia misuli ya nyuma ya mguu na wayo. Jingine huzunguka upande wa nje wa goti na kuhudumia misuli ya mbele inayouinua unyayo. Tawi hili la pili ndilo linaloumia zaidi pale siatiki inapojeruhiwa takoni. Ndiyo maana alama kuu ya jeraha hili ni unyayo unaoning'inia na vidole vinavyoburuzika chini wakati wa kutembea.

Sindano inavyoidhuru neva

Tako likigawanywa kwa mistari miwili inayokingamana, hupatikana robo nne. Neva ya siatiki hupita katika robo za ndani na za chini. Kwa sababu hiyo vitabu vya uuguzi vimefundisha kwa miaka mingi kwamba anayelazimika kudunga takoni adunge katika robo ya juu iliyo upande wa nje. Hata hivyo, kanuni hiyo huwa na hatari kwa mtoto mchanga au mtoto aliyekonda kwa utapiamlo, kwani misuli ya tako lake ni myembamba na umbali kati ya ngozi na neva ni mdogo. Kwa watoto wachanga mahali panapopendekezwa ni upande wa mbele wa paja, kuelekea nje, ambako hakuna neva kubwa iliyo karibu. Chanjo za watoto wachanga zinazodungwa katika misuli hutolewa hapo.

Madhara hutokea kwa njia kuu tatu. Kwanza, ncha ya sindano yenyewe inaweza kuchoma neva. Pili, dawa inaweza kumiminwa ndani ya neva au kando yake na kuziunguza nyuzi kwa ukali wake wa kikemikali. Hii ndiyo njia yenye madhara makubwa zaidi. Tatu, kovu linalojengeka baadaye linaweza kuibana neva polepole. Miongoni mwa dawa zinazojulikana kwa kukereketa tishu ni kwinini, ambayo kwa muda mrefu ilidungwa takoni kutibu malaria kali. Shirika la Afya Duniani limekwisha kupendekeza dawa ya atesuneti badala ya kwinini kwa malaria kali, kwa watu wazima tangu mwaka 2006 na kwa watoto tangu mwaka 2011. Pale ambapo kwinini bado inalazimika kudungwa katika misuli, maelekezo ni kuizimua na kuidunga katika paja kwa mbele, wala si takoni.

Dalili huanza mara nyingi papo hapo. Mgonjwa husikia maumivu makali yanayoteremka mguuni kama moto, kisha ganzi, kisha mguu hulegea. Wengine huanza kuona dalili baada ya saa kadhaa au siku chache. Saa na siku ya dalili ya kwanza ni habari yenye thamani kubwa, kwa tabibu na kwa wakili vilevile.

Ngazi za jeraha na mwendo wa kupona

Mwaka 1943 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Herbert Seddon, aligawa majeraha ya neva katika ngazi tatu. Katika ngazi ya kwanza, nyuzi hazikukatika bali habari zimezuiwa kwa muda. Mgonjwa hupona kwa siku au majuma machache. Katika ngazi ya pili, nyuzi zimekatika ndani lakini ala zinazozizunguka zimebaki, hivyo nyuzi zinaweza kuota tena zikifuata njia ile ile. Katika ngazi ya tatu, neva nzima imekatika au imeharibiwa na kovu, na bila upasuaji haitarajiwi kupona.

Uzi uliokatika hufa kuanzia mahali pa jeraha hadi mwisho wake, kama alivyoonyesha Augustus Waller mwaka 1850. Uzi mpya huota kutoka juu kwenda chini kwa wastani wa milimita moja tu kwa siku. Hesabu yake ni nyepesi na inasikitisha. Ikiwa umbali kutoka takoni hadi kwenye misuli ya mbele ya mguu wa mtu mzima ni sentimita 60, uzi utahitaji siku kama 600, yaani miezi ishirini hivi. Misuli isiyopata amri ya neva hudhoofika na kugeuka nyama ya makovu na mafuta, na baada ya kama mwaka mmoja na nusu uwezo wake wa kuamka huwa mdogo sana. Kwa hiyo neva inaweza kufika mwisho wa safari ikakuta nyumba imekwisha kubomoka. Mtoto ana nafuu kidogo, kwa kuwa mguu wake ni mfupi.

Kutokana na hesabu hiyo, mgonjwa hapaswi kukaa nyumbani akingoja. Mazoezi ya viungo na kifaa cha kuushikilia unyayo vinatakiwa kuanza mapema ili kifundo kisikakamae. Iwapo hakuna dalili ya kupona baada ya miezi mitatu hadi sita, mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu wa upasuaji ili afikirie kuifungua na kuichunguza neva.

Si kila madhara ni uzembe

Mtu aliyeumia huona kwamba kuumia kwenyewe ni ushahidi. Sheria haioni hivyo. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria uliotokana na Uingereza, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, mdai hana budi kuthibitisha mambo manne: kwamba mtoa tiba alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake, kwamba wajibu huo ulivunjwa, kwamba uvunjaji huo ndio uliosababisha madhara, na kwamba madhara yenyewe yapo kweli na yanaweza kupimwa. Kiwango cha uthibitisho ni uzito wa uwezekano, yaani dai liwe na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Si lazima lithibitishwe pasipo shaka kama kesi ya jinai.

Kipimo cha uvunjaji wa wajibu kilielezwa katika shauri la Bolam huko Uingereza mwaka 1957: tabibu hana hatia ya uzembe ikiwa alitenda kwa namna inayokubaliwa na kundi la wataalamu wanaoaminika katika fani yake. Mwaka 1997, katika shauri la Bolitho, mahakama ya juu ya nchi hiyo iliongeza kwamba maoni ya wataalamu hao lazima yawe na mantiki. Haitoshi kusema kwamba wengi hufanya hivyo. Maamuzi hayo hayazifungi mahakama za Afrika ya Mashariki, lakini majaji huyatazama kwa uzito.

Mashauri mengine mawili yanaonyesha pande zote mbili za mizani. Mwaka 1947 wanaume wawili walipooza kuanzia kiunoni kwenda chini baada ya kudungwa dawa ya ganzi katika uti wa mgongo katika hospitali moja ya Uingereza. Chupa ndogo za dawa zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya fenoli ili ziwe safi, na mahakama iliona kwamba fenoli ilipenya kwa nyufa zisizoonekana kwa macho. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi wa mwaka 1954, ilikataa kuwapa fidia, kwa kuwa mwaka 1947 hatari ya nyufa hizo ilikuwa haijajulikana kwa wataalamu, na tendo hupimwa kwa elimu ya siku lilipotendeka. Kwa upande mwingine, katika shauri la Cassidy la mwaka 1951, mgonjwa aliingia hospitalini atibiwe vidole viwili vilivyokakamaa akatoka na vidole vinne vilivyokakamaa. Mahakama iliona kwamba hali hiyo yenyewe inadai maelezo, na hospitali iliposhindwa kuyatoa, ikawajibishwa kwa makosa ya watumishi wake.

Mafunzo ya mashauri hayo kwa sindano ya tako ni bayana. Hatari kwa neva ya siatiki si siri iliyogunduliwa jana. Imo katika mafunzo ya kila muuguzi. Anayedunga mahali pasiporuhusiwa hawezi kujificha nyuma ya kutojua. Lakini aliyedunga mahali panapostahili, kwa dawa inayostahili na kwa uangalifu, anaweza kukumbana na neva iliyopita njia isiyo ya kawaida. Huyo si mzembe. Aidha, katika shauri la Chester dhidi ya Afshar la mwaka 2004 mgonjwa aliyepata madhara ya neva baada ya upasuaji wa mgongo alishinda, ingawa upasuaji wenyewe haukufanywa kwa uzembe, kwa sababu hakuonywa juu ya hatari hiyo kabla ya kukubali.

Ushahidi wa kisayansi

Mahali ambapo madai mengi hukwama ni pale panapotakiwa kuthibitishwa kwamba sindano, na si jambo jingine, ndiyo iliyosababisha madhara. Hapa sayansi hutoa msaada mkubwa.

Kwanza ni kutofautisha na polio. Virusi vya polio huharibu seli za amri ndani ya uti wa mgongo. Misuli hulegea, lakini hisia za ngozi hubaki. Jeraha la siatiki huharibu amri na hisia pamoja, na kwa kawaida huwa katika mguu uliodungwa peke yake. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea kiungo ghafula anapaswa kuripotiwa, na sampuli mbili za choo zichukuliwe kwa tofauti ya saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya kuisaka polio, lakini hati zake humfaa pia mdai, maana zina tarehe, maelezo ya ulegevu na majibu ya maabara.

Pili ni kipimo cha umeme wa neva na misuli. Alama za misuli iliyopoteza neva huonekana baada ya majuma mawili hadi matatu. Zikionekana siku ya tatu baada ya sindano, basi jeraha lilikuwapo kabla ya sindano, na dai linaporomoka. Kipimo hicho pia huonyesha mahali pa jeraha. Unyayo unaweza kuning'inia kwa sababu ya plasta ya mfupa iliyobana upande wa nje wa goti. Lakini ikiwa misuli ya nyuma ya paja inayohudumiwa na siatiki nayo imeathirika, jeraha liko juu ya goti. Kwa hiyo ni busara kipimo cha kwanza kifanywe baada ya kama majuma matatu, na kirudiwe baada ya miezi kadhaa ili kuonyesha mwendo wa kupona.

Tatu ni kumbukumbu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kadi ya kliniki, cheti cha dawa, jina la dawa na kipimo chake, tarehe na saa, jina la aliyedunga, risiti na picha za mguu vyote vihifadhiwe. Mgonjwa aombe nakala ya jalada lake kwa barua. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake zinazohifadhiwa na wengine.

Saa ya sheria

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ukomo inaweka miaka mitatu kwa madai yatokanayo na madhara ya uzembe. Muda huo ukipita, mahakama hulitupa dai hata kama uzembe uko wazi kama jua la mchana. Kwa mtoto, saa husimama hadi afikishe umri wa miaka 18, ndipo ianze kuhesabiwa. Lakini mzazi au mlezi anaweza kumfungulia shauri mapema, na ni afadhali afanye hivyo, kwani mashahidi huhama na majalada hupotea. Nchini Kenya muda wa kawaida ni miaka mitatu pia, ila madai ya namna hii dhidi ya Serikali yanatakiwa kufunguliwa ndani ya miezi 12. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Tofauti ya saa hizi mbili ndiyo mtego mkubwa. Tabibu mwema humwambia mgonjwa angoje, kwa kuwa neva huota polepole, na mgonjwa hungoja miaka miwili. Ushauri huo ni sahihi kitabibu, lakini hauzuii miaka mitatu kupita. Mgonjwa anaweza kungoja uponaji huku akiandaa madai yake.

Njia ya kudai

Hatua ya kwanza ni malalamiko ya maandishi kwa uongozi wa hospitali au zahanati, yakieleza tukio na kuomba maelezo. Mara nyingine jambo humalizika hapo kwa mapatano, ambayo yaandikwe na kutiwa saini baada ya kupata ushauri wa wakili.

Hatua ya pili, inayoweza kwenda sambamba na ya kwanza, ni malalamiko kwa mabaraza ya taaluma: Baraza la Madaktari Tanganyika kwa madaktari, na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kwa wauguzi na wakunga. Inafaa ieleweke kwamba kazi ya mabaraza hayo ni kuonya, kusimamisha au kufuta usajili. Hayalipi fidia, ingawa uchunguzi wake unaweza kusaidia shauri la madai.

Hatua ya tatu ni mahakama. Ikiwa hospitali ni ya Serikali, Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali inataka notisi ya siku 90 itolewe kabla ya kufungua shauri, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 masharti hayo yanagusa pia serikali za mitaa na mashirika ya umma. Shauri lililofunguliwa bila notisi huondolewa. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kutafuta msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Fidia yenyewe ni ya aina mbili. Fidia mahsusi hurudisha gharama zilizokwisha kutumika: nauli, dawa, vifaa, mazoezi, mshahara uliopotea. Kila shilingi lazima itajwe katika hati ya madai na ithibitishwe kwa ushahidi. Fidia ya jumla ni ya maumivu, ulemavu na kupunguka kwa raha na uwezo wa kazi katika maisha yajayo. Kiasi chake hukadiriwa na hakimu au jaji. Mtaalamu wa neva anapoandika taarifa yake hana budi kueleza si jina la jeraha tu, bali mgonjwa ataweza na hataweza nini: kupanda ngazi, kulima, kusimama darasani, kubeba ndoo.

Mifumo mingine

Zipo nchi zilizoona kwamba kumtafuta mwenye kosa ni kazi ndefu na ya gharama. New Zealand ilianzisha mwaka 1974 mfuko wa taifa unaowahudumia walioumia bila kuthibitisha uzembe, na Uswidi ilianzisha bima ya wagonjwa mwaka 1975. Katika mifumo hiyo swali kuu ni kama tiba ndiyo iliyoleta madhara, na si nani alaumiwe. Mgonjwa hulipwa mapema zaidi, na mtoa tiba huwa na sababu ndogo ya kuficha jalada. Mfumo huo unahitaji fedha za kudumu, lakini nchi zinazopanua bima ya afya kwa wananchi wote zina nafasi ya kuutafakari.

Hitimisho

Madai ya fidia hayana budi kutazamwa kama sehemu ya afya ya jamii, wala si vita kati ya wananchi na waganga. Muuguzi anayehudumia wagonjwa wengi kwa siku moja, bila meza ya kulaza mtoto na bila mwongozo ukutani, naye amewekwa katika hatari. Kila shauri linaloamuliwa kwa haki hueleza mahali kosa lilipoanzia, na mara nyingi mahali hapo ni rahisi kurekebishwa: sindano ihamishwe kutoka takoni kwenda pajani, vidonge vitolewe pale vinapotosha, na kila mdungo uandikwe kwenye kadi. Mzazi, kwa upande wake, ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla mtoto hajadungwa: ni dawa gani, ni ya nini, na itadungwa wapi. Maswali hayo hayagharimu kitu, na mtoa tiba anayeijua kazi yake hatachukizwa nayo.